Kupima Kabla ya Kunywa

Katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, mbele kidogo ya Usa River, upo mji mdogo uitwao Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na mto upitao hapo, ambao maji yake yana rangi ya hudhurungi mfano wa chai isiyotiwa maziwa. Mgeni huyatazama maji yale akayaogopa kwa rangi yake. Mwenyeji anajua kuwa rangi si adui mkubwa. Adui mkubwa ni floridi itokayo katika miamba ya volkeno ya Mlima Meru, nayo haionekani kwa jicho wala hainuki puani. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na maji mengi ya pande hizi hupita kipimo hicho. Huyatia meno ya watoto madoa yangali yakiumbika, na ikinywewa kwa wingi miaka mingi huumiza mifupa. Kuchemsha, ambako huua vijidudu, hakuiondoi; bali maji yapunguapo kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Basi shauri lililo jema kwa ugonjwa mmoja laweza kuwa bure kwa ugonjwa mwingine.

Kijana mmoja wa mji huu, mwanafunzi wa chuo, alijitwika kazi ya kupima maji ya visima, chemchemi na mabomba ya vitongoji vya jirani, ili kina mama wajue pa kuteka maji ya watoto. Kwa muda wa miezi 3 alikwenda kwa miguu, akapima, akarudi jioni kuandika vipimo katika kompyuta kuukuu. Mafaili yakawa mengi, na kuyapanga moja moja kukamchosha. Akasikia kwamba iko sanaa ya kuandika amri nyingi katika hati moja, kompyuta ikazitimiza zote kwa mfuatano bila kuchoka wala kunung'unika.

Sanaa hiyo ni kuandika hati za sheli. Sheli ni programu ipokeayo amri za mtu kwa maandishi na kuzifikisha ndani ya kompyuta. Si jambo la jana. Ken Thompson aliandika sheli ya kwanza ya Unix mwaka 1971; ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979; na Brian Fox akaitoa Bash mwaka 1989, ambayo hata leo yatumika duniani kote. Umri huo ni neema, na ni taabu vilevile. Katika zaidi ya nusu karne watu wameandika mengi juu yake, mazuri na mabaya, ya zamani na ya sasa, na yote humjia mwanafunzi yamevaa kanzu moja.

Kijana alipata somo moja lililoandikwa kwa ujasiri mkubwa. Halikuwa na jina la mwandishi, wala tarehe, wala sababu ya jambo lolote lililoamriwa ndani yake. Walakini lilikuwa fupi, naye alikuwa na haraka. Akanakili mistari yake ili afute mafaili ya muda yaliyojaa katika folda moja. Amri ya kufuta, iitwayo rm, ilifuatwa na jina lililopaswa kushika mahali pa folda ile. Lakini katika kompyuta yake jina hilo halikuwa limepewa thamani yoyote. Sheli, kwa desturi yake, ikaweka utupu mahali pa jina, na amri iliyokusudiwa kufagia chumba kimoja ikafagia nyumba nzima. Amri ya rm haina pipa la taka ambamo mtu aweza kurudi kuokota alichokitupa. Vipimo vya miezi 3 vikapotea katika muda wa kupepesa jicho.

Siku ya pili alikwenda kwa bibi yake, ambaye kisima chake kilikuwa cha kwanza kupimwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Akamweleza. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huyo aliyekufundisha amri hiyo, wamjua?"

"Simjui, bibi."

"Alikwambia inafanyaje kazi?"

"Hakuniambia."

"Nawe sikuulizi zaidi. Tazama mlango wa ghala."

Juu ya mlango ilikuwapo tarakimu moja iliyoandikwa kwa mkaa. Ilikuwa kipimo cha kisima chake, ambacho yeye mwenyewe alimtaka kijana akiandike hapo siku ile ya kwanza, ili jirani akiuliza ajionee. Katika kazi yote, hicho ndicho kipimo pekee kilichosalia.

Tangu siku hiyo kijana alibadili njia ya kutafuta elimu. Kwanza alitambua kwamba mwalimu bora alikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe: amri ya man hufungua mwongozo wa amri nyingi bila gharama ya intaneti. Pili alisoma mwongozo wa Bash wenyewe, ambao Chet Ramey ameutunza kwa miaka mingi. Tatu alijipatia ShellCheck, programu ya Vidar Holen, ambayo husoma hati ya mtu na kuonyesha makosa yake, na kila onyo lina namba yake na maelezo ya sababu. Humo akajifunza kuzungushia alama za kunukuu kila jina lenye thamani, na kuweka mwanzoni amri ya set -u, ambayo huisimamisha hati inapokuta jina lisilopewa thamani. Akajifunza pia kuijaribu kila hati katika folda ya nakala, mahali ambapo kosa haliwezi kumliza mtu.

Akajiwekea maswali manne kwa kila somo jipya: Nani ameandika, na lini? Ametoa sababu? Yapatana na mwongozo? Je, yamesimama katika jaribio? Somo lililoshindwa swali moja hakulitupa, ila hakulifuata mpaka alipolipima.

Lakini elimu aliyoipata ilikuwa karibu yote katika Kiingereza, na wenzake wengi waliisoma kama mtu alaye chakula cha moto. Alijua kwamba Kiswahili hakishindwi na kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika lugha hii. Basi akaandika kijitabu cha kurasa 12 kwa Kiswahili. Kila amri aliiandikia kazi yake, sababu yake, hatari yake na tarehe aliyoijaribu. Ukurasa wa kwanza aliutoa kwa kosa lake mwenyewe, bila kujitetea.

Kijitabu kilipita mkono kwa mkono katika flashi. Baada ya wiki chache mwanafunzi mmoja, msichana mdogo kwake kwa umri, alimrudia akamwonyesha kosa katika ukurasa wa 7. Kijana aliona haya, kisha akafurahi, maana yule msichana hakuamini alichoandikiwa mpaka alipokijaribu. Akasahihisha, akabadili tarehe, akakigawa upya.

Kisha akachukua chombo chake cha kupimia, akaanza tena visima vyote. Safari hii kila kipimo kiliandikwa mara mbili, katika kompyuta na katika daftari. Na kila mwenye kisima aliombwa kipande cha mkaa na ruhusa ya kuandika juu ya mlango wake.