Kware Sandukuni, Si Mali Ghalani

Huenda unaishi katika nyumba ya kupanga isiyo na nafasi hata ya jogoo mmoja, na watoto wanakusumbua wanataka ndege wa kufuga. Mfikirie kware, ndege ambaye wengine humwita tombo. Mimi ninafuga wachache hapa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na leo nataka nikueleze kazi yake ilivyo, pamoja na hatari yake.

Kwanza, fahamu kwamba kware wa kufugwa hutaga vizuri lakini ni nadra sana kuatamia. Utahitaji mashine ya kuangulia au kuku wa kienyeji. Kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, mimi hutumia kuku. Chagua mdogo na mwepesi, maana yai la kware lina uzito wa gramu 10 hivi na ganda lake ni jembamba. Usilichanganye na mayai yake mwenyewe: ya kware huanguliwa baada ya siku 17 au 18, na ya kuku siku 21.

Vifaranga wakitoka, huwa wadogo kuliko kidole gumba. Wahamishie sandukuni mara moja, kwani kuku anaweza kuwakanyaga au kuwaambukiza maradhi. Maji wape katika kisahani kilichojazwa kokoto safi, la sivyo watazama na kufa. Chakula kisagwe kiwe laini. Miguu ya meza yenye sanduku isimamishe ndani ya mikebe ya maji, ili siafu wasipande.

Hapa pwani joto hutudanganya. Wewe unatokwa na jasho, ukadhani kifaranga naye ametosheka, kumbe juma la kwanza anahitaji nyuzi 35 hivi. Washa balbu, umeme ukikatika, tumia chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa. Jiko la makaa usiliingize kamwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua ndege na watu pia. Kisha watazame: wakirundikana, wana baridi, wakikimbia taa, wanaungua, wakitawanyika na kula, kalale.

Binti yangu mwenye umri wa miaka 11 ndiye mlinzi wa sanduku. Mara ya mwisho walianguliwa 14, watatu wakafa. Aliwazika mwenyewe chini ya mkorosho, kisha akarudi kuwabadilishia maji waliobaki. Hakuna aliyemtuma. Faida hiyo, msomaji, huwezi kuipima kwa kibaba.

Na hapo ndipo kwenye hatari niliyoitaja. Mwaka wa 2013 nchi nzima ilishikwa na homa ya kware. Ilivuma kwamba mayai yake huponya kila ugonjwa, na kila mtu akataka kuuza. Kufikia mapema 2014 wauzaji walikuwa wengi kuliko walaji, na bei ikaporomoka. Jirani yangu mmoja alikuwa ametia karo ya mwanawe katika biashara hiyo. Kijana alikaa nyumbani muhula mzima, akiwalisha ndege wasio na mnunuzi.

Kwa hivyo piga hesabu kabla hujanunua. Kware huanza kutaga akiwa na majuma sita au saba. Majike watano, wakitaga vizuri, watakupa karibu mayai matano kwa siku, yaani uzito sawa na yai moja la kuku. Ni kitoweo cha mtoto mmoja. Si karo, wala si dawa.

Wakati ule wa homa, mfugaji alitakiwa kuwa na leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Basi ulizia kwanza katika ofisi yao iliyo karibu nawe ujue sheria inasemaje. Kisha tafuta mayai kumi tu, na umkabidhi mtoto sanduku.