Mvua Uliyoiona na Mvua Uliyosikia

Conflans-Sainte-Honorine ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Paris, pale mto Oise unapoingia Seine. Watu wake wa asili ni wa mtoni. Matishari yamefungwa gatini ubavu kwa ubavu, na mojawapo, Je Sers, ndani yake ni kanisa. Watibeti wengi waliokuja kuomba hifadhi Ufaransa wameanzia maisha yao hapa: walilishwa kwenye tishari hilo, wakapewa malazi, kisha wakaanza foleni za makaratasi.

Hapo nilikutana na mkalimani, mama wa makamo ambaye vijana wote humwita Acha-la, yaani dada mkubwa, na hiyo “la” ya mwisho ni ya heshima. Sikio la Kiswahili husikia “acha!” kila anapoitwa, lakini nilizoea. Kifaransa nilikisoma shuleni Bukavu, kwa hiyo tulielewana bila shida, hasa tulipofika kwenye kukisengenya.

Alianza na fomu. Fomu ya Kifaransa inataka jina la ukoo na jina la mtu. Watibeti wengi hawana jina la ukoo. Wana majina mawili, yote yao wenyewe, na majina kama Tenzin na Tsering hupewa mvulana au msichana. Fomu haitaki pengo, basi jina moja linahamishiwa kwenye kisanduku cha ukoo. Matokeo yake ndugu wa tumbo moja wanasomeka kama watu wasiojuana. Umri nao una lake: kwa hesabu ya zamani mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja, na mwaka wenyewe unatajwa kwa mnyama na kwa asili yake, kama vile moto, maji au chuma, katika mzunguko wa miaka 60.

Lakini Acha-la alisema hayo yote ni mepesi. Kinachomnyima usingizi ni mwisho wa kitenzi.

Chukua mvua. Mfaransa akisema il a plu, amemaliza. Mtibeti wa Lhasa hawezi kumaliza hivyo. Akisema charpa tangsong, maana yake mvua ilinyesha na yeye aliiona. Akisema charpa tangsha, ameamka akakuta ua umelowa. Akisema charpa tangpare, anatoa habari inayojulikana, bila kujitia kuwa shahidi. Sisi pia tuna “kumbe” na “eti”, na magazeti yetu yana “inadaiwa”, ila ukitaka unayaacha, na sentensi inabaki nzima. Kwao kitenzi kisichosema habari imejulikanaje kinasikika kama kimekatwa mkia.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya afisa anayemuuliza kuhusu usiku ambao polisi walikuja kijijini. Anasimulia kwa dakika tano. Mlango ulivunjwa: aliona. Mjomba alichukuliwa: aliona. Vitabu vilichomwa: hakuona, asubuhi alikuta majivu. Yote hayo yamo ndani ya silabi moja moja mwishoni mwa vitenzi. Kwa Kifaransa vinatoka vitenzi vitatu vya wakati uliopita vinavyofanana kama sare za shule. Afisa anauliza: “Uliona vitabu vikichomwa?” Mtu anashangaa, maana ameshasema hakuona. Afisa naye anaandika kwamba shahidi anasitasita.

Kifaransa kina ujanja wake: habari ya kusikia huwekwa kwenye hali ya masharti, kama wanavyofanya waandishi wa magazeti wakisema waziri aurait démissionné, yaani inasemekana kajiuzulu. Acha-la haupendi ujanja huo kwenye mahojiano. Anasema unanuka shaka, ilhali Mtibeti aliyetumia tangsha hana shaka hata chembe. Anataja tu njia iliyomfikisha. Kwa hiyo yeye huongeza maneno: “nilikuta majivu, nikajua.” Nadhani ana haki, ingawa najua walimu wa ukalimani watakaokunja uso kwa hayo maneno ya ziada.

Upande wa maswali ndio ulionifurahisha zaidi. Yin ni kitenzi cha kujisemea mwenyewe: mimi ni Mtibeti, nga pöpa yin. Lakini ukimuuliza mtu kama ni Mtibeti, unatumia yin hiyohiyo, kherang pöpa yinpe, kwa sababu ndiyo atakayoijibu. Muulizaji anakwenda kusimama alipo mjibuji kabla hajafungua kinywa.

Paris nilipita haraka. Kitibeti kilianza kufundishwa katika shule ya lugha za Mashariki mwaka 1842, na mwalimu, Philippe-Édouard Foucaux, alikuwa amejifunza kwa vitabu vya Csoma de Kőrös wa Hungaria, vilivyochapwa Calcutta mwaka 1834. Mwaka 1899 wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa walitoa kamusi nene huko Hong Kong, Kitibeti kwa Kilatini na Kifaransa. Ukiifungua unaona Kitibeti na Kifaransa vina ugonjwa mmoja: tahajia. Nane kwa Kitibeti huandikwa brgyad, ikatamkwa gye hivi. Mwenye eaux anayoisoma “o” hana ubavu wa kucheka. Ladakh na Baltistan, nje kidogo ya Tibeti, herufi nyingi kati ya hizo bado zinasikika mdomoni.

Dordogne, kusini-magharibi, ndiko linakofanya kazi kundi la Padmakara, watafsiri wa maandiko ya Kibuddha. Huko shida inageuka. Mwanzoni mwa karne ya 9 watawala wa Tibeti waliamuru istilahi zisanifiwe, neno moja la Kisanskriti kwa neno moja la Kitibeti, ikatoka kamusi iitwayo Mahavyutpatti. Mwandishi wa Kitibeti hurudia neno lake mara saba katika ukurasa mmoja bila haya. Kifaransa cha shule kinafundisha kuwa kurudia ni uvivu. Mtafsiri akibadilisha ili apendeze, msomaji atadhani mambo yamekuwa mawili.

Dharamsala, India, niliona safari ya kinyume. Bibi mmoja alileta barua kutoka Ufaransa, kijana akaisoma kwa Kifaransa kimoyomoyo, kisha akaitoa kwa Kitibeti. Mwandishi wa barua alikuwa Mfaransa anayewasaidia wageni. Votre fils va bien, mwanao hajambo. Kijana akasita. “Mwana” hakumpa taabu: wa kwake mtu ungemwita bu, wa bibi anakuwa se, kwa heshima. Kilichomkwamisha ni kitenzi cha mwisho, re au dug. Re ingemfanya mama afikiri barua inapitisha tu habari za watu. Dug ingemaanisha mwandishi amemwona mwana huyo kwa macho yake. Kijana akarudi mistari miwili juu, akakuta wamekula pamoja Jumapili. Akasema dug, na bibi akataka kujua walikula nini.