Mfanya Biashara Mdogo na Amri Asizozijua

Kazi ya karani wa parokia ni kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na kutunza daftari za zaka. Lakini huku kwetu, tangu Rulenge mpaka Nyakahura, karani ni mtu wa barua zote. Mwenye karatasi asiyoielewa huja nayo baada ya Misa. Na kwa kuwa nilisomea ualimu, wengi huniita Mwalimu, ingawa darasa langu ni meza moja na kabati la vitabu. Miaka hii karatasi nyingi ninazoletewa ni za biashara: leseni, stakabadhi za ushuru, fomu za mkopo wa kikundi, namba ya mlipa kodi. Hivyo nimeona mengi ya jinsi Serikali inavyomsaidia mtu mwenye kujaribu biashara, na jinsi msaada huo unavyopotea njiani.

Watu husema, “Serikali haitusaidii sisi wadogo.” Neno hilo si kweli, wala si uwongo mtupu. Msaada upo. Kinachokosekana ni kuujua mapema, na kuwa na hakika kwamba mwakani utakuwapo.

Chukueni habari ya maharage. Mama mmoja mwenye umri wa kunizaa alinijia na stakabadhi mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Mwalimu. Nisomee hii. Wamenitoza tena.”

Alikuwa amepeleka magunia sita kutoka wilaya moja hadi nyingine, na katika kizuizi kimoja cha njiani, ambacho sitakitaja, alitozwa ushuru wa mazao. Basi, tangu Julai 2017 Serikali ilikwisha agiza kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja toka Halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Tena mwaka ule ule ushuru wenyewe ulishushwa toka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Mama huyu alikuwa na magunia sita tu, naye alikuwa amelipa miaka kadha. Yule kijana wa kizuizini sidhani kwamba ni mwizi, kwa maana alimwandikia stakabadhi. Nadhani naye hajapata kuiona amri ile. Nilimwandikia mama habari hiyo katika nusu karatasi, pamoja na mwaka. Safari ya pili aliionyesha, wakaitazama sana, wakamwacha apite.

Sasa tazameni upande wa pili. Kule Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli. Wataalamu waliigundua tangu miaka ya 1970, na kampuni kadha zimekuja na kuondoka. Tarehe 19 Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel ya Uingereza, ikaundwa kampuni ya ubia iitwayo Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16 isizozilipia. Leseni kubwa ya kuchimba ikatolewa Oktoba mwaka uo huo. Wana ufundi wao wa kutenganisha madini kwa maji na dawa pasipo kuyayeyusha motoni, na kiwanda cha kazi hiyo kimepangwa kuwekwa Kahama. Mambo hayo yote, hisa, kodi na mgawanyo wa faida, yalikaliwa mezani na kuandikwa kabla ya kuchimba.

Siulaumu mkataba huo. Mtu hawezi kuleta fedha nyingi toka ng’ambo pasipo kujua atadaiwa nini. Lakini mama mwenye magunia sita naye ameleta fedha zake zote. Yeye hakuna aliyekaa naye mezani. Habari zake huzisikia redioni kama akiba ya betri ipo, ama huzisikia kizuizini.

Na hata akizisikia, hubadilika. Tangu mwaka 2008 watu hutuma fedha kwa simu, na jambo hilo limewafaa wafanya biashara wa vijijini kuliko mikutano mingi. Mwenye duka huku kijijini hutuma fedha Mwanza, sabuni na chumvi zikaja kwa basi, naye hakuondoka dukani. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, iliyofika hata shilingi 10,000 kwa mara moja. Ilisemwa, na ni kweli, kwamba fedha zake zajenga vituo vya afya na madarasa. Lakini wenye maduka wakarudi kufunga noti katika bahasha na kuwapa makondakta. Septemba mwaka ule tozo ikapunguzwa, 2022 ikapunguzwa tena, na Julai 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Kufutwa kwake tulikufurahia. Ila katika miaka hiyo miwili hakuna mwenye duka aliyeweza kupiga hesabu ya miezi sita mbele, na biashara isiyopigiwa hesabu ya mbele ni kubahatisha.

Mikopo ya Halmashauri nayo ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka Halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ziwakopeshe watu bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ni jambo jema sana, na wengine hawaliamini mpaka uwaonyeshe maandishi. Akina mama wa kigango chetu kimoja waliandika katiba yao mezani pangu mwanzoni mwa 2023. Walitaka mashine ya kusaga, maana kwao huenda mwendo wa saa moja na nusu na debe kichwani. Walichanga, wakafungua akaunti, wakapanga kibanda na kulipa kodi ya nusu mwaka. Aprili 2023 Waziri Mkuu akatangaza kwamba mikopo yote imesimamishwa ili utaratibu utengenezwe upya. Sababu ilikuwako: Mkaguzi Mkuu alikuwa ameonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, na vikundi vilivyokuwako katika karatasi tu. Lakini wale mama zangu hawakuwa wa karatasi, nawafahamu kwa majina ya watoto wao. Mikopo ilipofunguliwa tena mwaka 2024, kodi ya kibanda ilikuwa imekwisha zamani, na wanne kati yao walikuwa wamekwisha toa akiba zao kulipia ada za shule. Waliobaki wameanza upya. Debe bado li kichwani.

Lakini amri ikiwa wazi na kukaa mahali pamoja, watu huifuata. Ushuhuda ni dhahabu. Biharamulo wana mgodi wa Tulawaka ulioanza 2005, ambao mwaka 2013 ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa kwa kampuni yake ya Stamigold. Walakini wachimbaji wa sururu na karai ni wengi. Zamani mchimbaji mdogo alidaiwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 na kodi ya zuio asilimia 5, mbali na mrabaha. Nani angekubali? Dhahabu iliuzwa usiku, kwa mizani ya mnunuzi, na mchimbaji akapunjwa bila pa kushitaki. Februari 2019 Bunge liliwafutia wadogo kodi hizo mbili, na Machi mwaka ule soko la madini likafunguliwa Geita, jirani zetu, kisha mikoani kwingine. Mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1 vilibaki. Mtu aliyejua kwamba katika shilingi 100 anaacha kama 7, na kwamba mizani ni ya wazi, hakuona tena haja ya kungoja giza. Na Serikali, iliyopunguza kodi, ikaanza kupokea ya dhahabu ambayo zamani haikuiona hata chembe.

Mpakani liko jambo jingine lisilojulikana, nami nalikaza kwa ajili ya wasomaji wa Rusumo na Kabanga. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tangu 2016 kituo cha pamoja cha Rusumo chafanya kazi: mpitaji hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Tena uko utaratibu rahisi wa wafanya biashara wadogo. Bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Hazitozwi ushuru wa forodha, wala hazihitaji wakala. Mazao yana cheti chake cha afya ya mimea, hilo lisisahauliwe. Hata hivyo wapo wanaopita njia za panya, wakiwalipa vijana wa baiskeli na kukesha kwa hofu. Nilipiga hesabu na mmoja wao. Njia ya panya ilimgharimu zaidi ya njia ya haki.

Ndiyo maana nilikipenda kile kitambulisho cha mwaka 2018, ingawa utaratibu wake ulibadilishwa baadaye. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa shilingi 20,000, akapewa kadi moja, akijua ya kuwa amemaliza. Walikuwapo waliolazimishwa kukinunua, nayo haikuwa haki. Lakini wazo lenyewe, malipo mamoja na karatasi moja ambayo hata mama asiyesoma aweza kuionyesha, lilikuwa zuri kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Ningependa kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, ofisi ya kata ibandike mlangoni karatasi ya Kiswahili chepesi: mwaka huu mfanya biashara mdogo anadaiwa haya, hadaiwi haya, na akidaiwa zaidi aende kwa fulani. Kazi hiyo haihitaji fedha za wahisani. Wakati tunangoja, Baba Paroko ameniruhusu kutumia nusu ya ubao wa matangazo ya ndoa. Nimeandika habari ya tani moja, ya asilimia 10 na ya dola 2,000, kila moja na mwaka wake. Jumapili iliyopita vijana wawili walikuwa wakiinakili kwenye simu zao, na mzee mmoja akaniuliza kwa nini sikuandika habari ya mbuzi. Jumatatu nitakwenda kwa afisa mifugo kumwuliza.