Tapi ya Mama na kikohozi cha usiku

Sisi walimu wa kujitolea tumezoea kuwaandikia juu ya madaftari na kuchelewa kwa watoto. Mwezi huu tunaandika juu ya kitu kilichotusumbua nyumbani kwetu wenyewe, yaani tapi.

Vita ilipofika Kamanyola mwezi wa 12 mwaka 2025, kila mtu alibeba alichoweza. Mama alikunja tapi yake, akaiweka kichwani, tukavuka mpaka Bugarama. Njiani tulimwambia, "Mama, acha hiyo, beba sufuria." Akajibu, "Sufuria watatupatia. Hii hakuna mwenye atanipatia." Aliinunua Uvira kwa pesa ya mchele wake, na ndipo marehemu Baba alipokuwa akikaa na wageni.

Tulipopata shitingi yetu hapa juu mlimani, tuliitandika moja kwa moja juu ya udongo, watoto wakalala hapo. Tulifurahi, maana nyumba ilianza kufanana na nyumba. Lakini mvua za mwezi wa 3 zilipozidi, mdogo wetu wa miaka 5 alianza kukohoa. Mchana anacheza vizuri, usiku kifua kinapiga filimbi. Mama alisema ni baridi ya mlima. Tukampeleka kwa muganga. Baada ya kumsikiliza kifua, aliuliza, "Mutoto analala juu ya nini?"

Tulirudi, tukainua tapi. Juu ilikuwa safi, maana Mama anaifagia kila asubuhi. Chini ilikuwa imeloa, nyeusi kwa ukungu, inanuka. Tuliona haya. Shuleni tunafundisha usafi, kumbe kwetu hatujawahi kuangalia chini! Kule Kamanyola kuna joto la bonde, na nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya simenti. Huku unyevu unapanda kutoka ardhini.

Mama hakutaka itupwe. Siku mbili hakusema nasi. Tulimwelewa, lakini mtoto naye alikuwa anakohoa. Siku ya tatu yeye mwenyewe alichukua wembe, akakata kona iliyooza, akasema, "Inayobaki, tuitunze sawasawa."

Basi sasa tunafanya hivi. Mtoto halali tena juu ya tapi; analala kwenye mkeka wa plastiki, unaopanguswa kwa kitambaa chenye maji kila siku. Tapi inatandikwa wageni wakija tu, na chini yake tunaweka kwanza kipande cha shitingi. Siku ya jua tunaianika kwenye kamba, mgongo ukitazama juu, tunaipiga kwa fimbo upande huo ili vumbi lililojificha lidondoke. Watoto wanakaa mbali wakati huo, na anayepiga anafunga kitambaa puani. Haikunjwi mpaka ikauke kabisa, kwa sababu vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula mabaki ya ngozi yetu, vinapenda unyevu.

Na kabla ya kufagia udongo, tunanyunyiza maji kidogo. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani tu, halafu linarudi. Hata Mwingereza Hubert Cecil Booth aliliona jambo hilo. Mwaka 1901 alitengeneza mashine ya kuvuta vumbi, kubwa hata ikabebwa kwa gari la farasi. Inasimama barabarani, mipira yake inaingia madirishani. Alitaka vumbi livutwe na kubaki ndani ya mashine, lisiruke. Sisi hatuna mashine wala umeme wa kuiendesha, lakini maji kidogo yanalishika vumbi chini.

Mdogo wetu bado anakohoa siku za baridi, ila sasa analala mpaka asubuhi. Mama naye akipata mgeni anaitandika tapi yake, kona moja haipo, anasema, "Karibu, kaa, hapa ni kwangu."

Haya wazazi, jua likitoka, toeni mikeka na mablanketi nje. Na msisahau kuangalia chini.