Emahoy na mlango wa London

Tarehe 26 Machi 2023 alifariki mjini Yerusalemu mtawa wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, akiwa na umri wa miaka 99. Kwa karibu miaka 40 aliishi katika monasteri ya Waethiopia mjini humo, ndani ya chumba kidogo chenye piano. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani walikwisha kumjua. Sisi mafrateri tuliotoka Vuga tulichelewa, na tangu tumfahamu tumekuwa na ubishi ambao haujaisha.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Kwao walikuwa watu wakubwa, hivyo akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya bweni Uswisi, na huko akajifunza fidla na piano. Italia ilipoivamia Ethiopia, familia yake ilipelekwa uhamishoni, kwanza kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano karibu na Napoli. Baadaye alikwenda Cairo kufundishwa na Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Alifanya mazoezi hata kwa muda wa saa tisa kwa siku. Sisi tukikaa kwenye kinanda dakika arobaini tunaanza kuulizia chai.

Kisha akapata nafasi ya kusoma Royal Academy of Music, London. Wakubwa wa nchi yake wakamzuia. Alikataa kula, akadhoofika hata ikadhaniwa anakufa, akaomba Komunyo Takatifu. Alipopata nafuu hakutaka tena ulimwengu. Akaenda Gishen Mariam, monasteri iliyo juu ya mlima huko Wollo, na akiwa na miaka 21 alikuwa mtawa. Jina lake jipya lina maana ya Ua la Maria. Alikaa huko miaka kumi, akitembea pekupeku, bila piano.

Hapa ndipo tunapobishana. Wenzetu kadhaa husema: Mungu alimfungia London ili ampate. Mahubiri ya namna hiyo tumeyasikia mno, nasi hatuyakubali. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu hataki uovu utendeke, bali anaruhusu, na kutoka humo aweza kutoa jema. Basi aliyemnyima binti yule ruhusa hakuwa mjumbe wa Mungu. Alikuwa mtu mwenye mamlaka aliyemdhulumu. Neema ilikuja baada ya dhuluma, wala haikuigeuza kuwa haki.

Kwetu jambo hili si la darasani tu. Mwenzetu mmoja mwenye kipaji cha kinanda aliambiwa na mzee anayemheshimu sana kwamba kama anautaka upadre aache mambo ya muziki. Akaacha mwaka mzima, akidhani ndiyo sadaka yenyewe. Vuga, mji wa zamani wa watemi wa Kilindi, tumekulia kati ya tarumbeta za Walutheri, ambao misheni yao ilikuwa hata na kiwanda cha uchapishaji. Sisi Wakatoliki ni wachache. Kinanda cha kigango kinategemea umeme, na umeme Usambara una hiari yake. Mpiga kinanda mmoja akinyamaza, kigango kizima kinasikia.

Emahoy mwenyewe hakubaki kimya. Alirudi kwenye piano. Katika miaka ya 1960 alikuwa Gondar akisoma muziki wa Kanisa unaotokana na Mtakatifu Yared wa karne ya 6, akawaona vijana wanafunzi wa Kanisa wakiomba chakula na kulala nje. Hakuwa na fedha za kuwapa. Alikuwa na muziki. Mwaka 1967 sahani yake ya kwanza ilitolewa Ujerumani, na mapato yakaenda kwa wahitaji. Ukisikiliza tungo zake unasikia Ulaya ya Chopin mkono mmoja na ngazi za sauti za Ethiopia mkono mwingine, na mapigo yanasitasita kama mtu anayetembea akisali. Hakuna haraka hata kidogo. Baadhi yetu tulidhani kwanza mpigaji amepoteza mdundo.

Nota zake nyingi zilikaa kwenye mifuko ya plastiki chumbani mwake, mpaka mpiga piano Maya Dunietz wa Israeli alipomsaidia kuzipanga, na mwaka 2013 kikatoka kitabu chake cha nota. Hapo Emahoy alikuwa karibu na miaka 90.

Mwenzetu amerudi kwenye kinanda tangu Pasaka. Anajaribu kuiga tungo moja ya Emahoy kwa kusikiliza kwenye simu tu. Mkono wa kulia umekwisha kuipata, wa kushoto bado unamshinda.