Tamthilia isiyoisha, uiache lini?

Kuna swali limenikaa kichwani. Jirani yangu mmoja, binti wa saluni, kanidaka juzi nikitoka dukani. "Dada, ile tamthilia yangu nimeichoka, lakini kila nikisema leo siangalii, ikifika saa yake miguu inanipeleka yenyewe sebuleni. Hivi mtu anaachaje?"

Nikacheka, nikamwambia jibu atalisoma gazetini. Basi leo namjibu. Na wewe unayejifanya haikuhusu, sogea karibu, najua uko kundi hilo hilo.

Kwanza tuelewane. Kuna tamthilia zenye mwisho na zisizokuwa na mwisho. Hizi za Kimexico, za Kifilipino na za Kituruki, hata zikivutwa vipi, siku moja mbaya wao atakwenda jela na wapendanao watafunga ndoa. Hapo huna haja ya kuacha, unasubiri tu. Kasheshe liko kwenye zile zilizotengenezwa ili zisiishe. Wamarekani walizipa jina la sabuni, kwa sababu tangu enzi za redio, miaka ya 1930, viwanda vya sabuni ndivyo vilivyokuwa vikizilipia ili viwapate akina mama wa nyumbani. Sasa mwenye sabuni hadithi iishe ili iweje? Ikiisha, nani atasikiliza tangazo lake?

Ndiyo maana Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, ikaja kufa mwaka 2009. Miaka 72! Mtu angeweza kuzaliwa, kuolewa, kupata wajukuu na kuzikwa, yenyewe inaendelea tu. The Bold and the Beautiful nayo ilianza mwaka 1987. Brooke na Ridge wameoana na kuachana mpaka vidole vya mkono mmoja havitoshi kuhesabu. Ronn Moss, aliyekuwa Ridge, aliondoka mwaka 2012, mwaka uliofuata akaletwa Thorsten Kaye mwenye sura nyingine kabisa, na Brooke akaendelea kumlilia kama vile hajaona tofauti. Ukisubiri watu wa namna hiyo wakuambie mwisho, utazeekea kwenye kochi. Mwisho lazima uuweke wewe.

Uuweke lini? Wajuzi wa mambo haya wana dalili zao. Marehemu akirudi mara ya pili, acha. Ukikosa wiki nzima na bado siku ya kurudi unaelewa kila kitu, acha. Mgeni akibisha hodi na wewe ukanuna, acha haraka. Na mimi nilizitumia dalili hizo hizo kuacha ya kwangu. Hebu nikusimulie yaliyonipata.

Yangu ilikuwa Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyokuwa ikionyeshwa ITV. Mwaka 2008 nilikuwa darasa la tano, nyumbani kwetu Morogoro. Televisheni yetu ilikuwa ile ya mgongo, inchi 14, juu yake kitambaa cha kufuma. Mama tamthilia alikuwa haziwezi, akishakula analala. Tunabaki mimi na Baba. Baba ni fundi cherehani, kwa hiyo hata mbele ya televisheni alikuwa na nguo mapajani, anashona vifungo au anafumua mshono.

Baba aliishia darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye lebo za mashati. Isidingo ilikuwa ya Kiingereza na lugha za kwao, na chini maandishi ya Kiingereza yanapita kama gari la kukodi. Kazi ya kutafsiri nikapewa mimi. "Mama, huyo kasema nini?" Baba zetu ndivyo wanavyotuita mabinti zao, mama. Neno ninalolijua nalisema, nisilolijua nalitunga.

Lakini fundi anapima. Kesho yake ananiuliza, "Jana ulisema Cherel anamtakia heri mwenzake, mbona leo kamfanyia unyama ule?" Nimeshikwa! Akanunua kamusi iliyotumika, imechanika jalada, akaiweka juu ya televisheni. Tangu hapo nikitunga, ananionyesha kamusi kwa mkasi. Kiingereza kilichonivusha sekondari kilitoka pale, wala si darasani.

Na Baba si msemaji, mwenzangu. Ni mtu wa "ndiyo" na "haya". Lakini akimwona Barker Haines, yule tajiri mwenye hila, ulimi unafunguka. Baba alishawahi kuwa na mchezo wake, Twende na Wakati wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, wenye yule dereva wa lori, Mkwaju, aliyeponzwa na kupenda wanawake. Basi akawa anasema, "Barker huyu ni Mkwaju wa suti." Kisha ananigeukia. "Mwanamume akikusifia mbele za watu, mkibaki wawili akanyamaza, mwogope." Mambo ambayo asingeweza kuniambia usoni aliyapitisha kwa Barker. Mwaka 2011 mgao wa umeme ulipotubana, tulikaa na kibatari, tukawa tunabuni wenyewe kilichotokea. Na Baba ndiye aliyekuwa mkali wa kubuni.

Mwaka 2012 nikaingia kidato cha pili. Nilikuwa na mashoga, na mashoga walinicheka kwamba binti mzima naangalia tamthilia na baba yangu. Nikaona soo. Nikatafuta sababu, na sababu zilikuwepo tele: kuna mtihani, na hadithi imeanza kujirudia. Jioni moja nikamwambia, "Baba, mimi Isidingo naacha, imeshachosha, halafu nina kusoma." Akajibu, "Haya mama, masomo kwanza." Nikaingia chumbani. Siku kadhaa niliisikia televisheni ikiongea sebuleni. Baadaye sikuisikia tena, wala sikujiuliza.

Nikamaliza kidato cha nne mwaka 2014, nikaja Dar kutafuta maisha. Machi 2020 nikasoma kwenye simu kwamba Isidingo imefikia kikomo kule Afrika Kusini. Ilianza Julai 1998, na SABC waliifuta kwa sababu watazamaji na mapato yalikuwa yameshuka. Nikampigia Baba mbio mbio, nampelekea habari.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Kwema?"

"Kwema. Isidingo wameifuta!"

Akakaa kimya kidogo. "Sasa mie nitajuaje? Mbona niliacha siku nyingi."

"Uliacha lini?"

"Si ulipoacha wewe. Nilijaribu kama wiki mbili hivi. Naona midomo inacheza tu. Barker anacheka, sijui anamcheka nani. Nikazima, nikarudi kwenye redio." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Hakunilaumu hata neno moja, na hapo ndipo paliponiuma. Miaka minane yote, nilikuwa nampigia Baba kumuuliza afya, kumtumia hela kidogo nikipata, basi. Sikuwahi kumuuliza, "Siku hizi jioni unafanya nini?" Nilidhani nimeacha tamthilia. Kumbe niliacha saa moja ya Baba, saa pekee aliyokuwa akiongea, na sikumwekea kitu pale nilipokuwa nikikaa.

Kwa hiyo jirani yangu wa saluni, jibu langu ni hili. Zile dalili za marehemu kurudi na ndoa ya sita ziweke pembeni, hizo ni za kuchekea. Jiulize swali moja: nikiondoka mimi, nani atabaki amekaa pale? Kama hakuna mtu, zima hata leo, hakuna atakayekudai. Kama yupo, hadithi unaweza kuiacha, lakini ile saa usiiache. Mwambie, "Hii imenichosha, njoo tutafute jambo lingine." Iwe karata, iwe redio, iwe kumenya mahindi barazani. Usiingie chumbani kimya kimya kama nilivyofanya mimi.

Nilimuuliza yule binti, "Unaangalia na nani?" Akajibu, "Peke yangu. Mume wangu anakaa nje mpaka iishe." Dada, jibu si unalo mwenyewe? Yuko hapo barazani, anaumwa na mbu.

Mimi siku hizi, treni ya SGR imerahisisha mambo tangu mwaka 2024, kwa hiyo mwisho wa mwezi hunikosi Morogoro. Baba macho hayamruhusu tena kutunga uzi usiku, natunga mimi. Desemba ile ile ya 2024 nilimweleza kwamba Michelle Botes, aliyekuwa Cherel, amefariki. Akaweka mkasi chini. "Maskini. Pamoja na ubaya wake wote."

Kisha akaniambia, "Haya, nihadithie. Baada ya siye kuacha, Barker aliishia wapi?" Msomaji wangu, mie sikuangalia hata kipande. Ikabidi nitunge. Nikafika katikati, Baba akainua kichwa. "Hapo umeongopa." Tukaendelea mpaka saa tano usiku.

Kwa leo niishie hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.