Kozi Ipi Itakupa Makaratasi?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeamua kulijibu hapa, ili mwingine akiniuliza nimwambie aje asome. Swali lenyewe ni hili: "Dada, nisome kozi gani ambayo nikifika nje sirudishwi?"

Kaka zetu wa miaka ya 2000 walikuwa wanakwenda kwanza. Wakifika wanabeba boksi, mambo ya makaratasi wanayatafuta hukohuko. Wengine walijilipua, wakajiita Warundi au Wasomali. Kizazi chetu kina mahesabu zaidi. Mtu anafungua orodha ya kazi zenye uhaba huko ughaibuni, anaangalia ipi anaimudu, ndipo anachagua chuo. Anaanzia kwenye ukaazi wa kudumu, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye fomu ya kujiunga.

Mimi sioni ubaya wowote. Kuchagua kazi kwa sababu italipa ni jambo ambalo wazazi wetu wamelifanya siku zote. Shida yangu ni kwenye hiyo orodha.

Mwezi uliopita swali lilikuja nyumbani kwetu. Shangazi yangu anakaa Dunda, Bagamoyo, anauza samaki wa kukaanga karibu na soko la pale ufukweni. Binti yake ana shahada ya ugavi na miaka miwili ya kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Asubuhi anamsaidia mama yake kupaa samaki, jioni anashinda kwenye simu. Wakanipigia, nikapanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Wewe ndiye unayejua kuchimba mambo, hebu tusomee hii."

Ilikuwa karatasi ya rangi kutoka kwa wakala mmoja. Kozi ya wiki nane ya kulea wazee, halafu kazi Uingereza, halafu baada ya miaka mitano ukaazi wa kudumu. Bei yake ilikaribia thamani ya kiwanja cha Kiromo, ambacho shangazi aliachiwa na marehemu mumewe. Na mnunuzi wa kiwanja alikuwa ameshapatikana.

Basi nikafanya kazi ninayolipwa kuifanya. Nikafungua tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe, tukasoma pamoja, binamu yangu akinishikia taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Ni kweli mlango ule ulikuwepo. Februari 2022 Uingereza iliwaongeza walezi wa wazee kwenye orodha ya kazi zenye uhaba, na watu kutoka Afrika na Asia wakaenda kwa maelfu. Machi 2024 walezi wapya wakazuiwa kwenda na wenza na watoto. Mei 2025 serikali ikatangaza mpango wa kurefusha muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Tarehe 22 Julai 2025 waajiri wakazuiwa kabisa kuleta walezi wapya kutoka nje ya nchi. Piga hesabu: miaka mitatu na miezi mitano tangu kufunguliwa hadi kufungwa. Ni muda wa shahada moja na likizo yake. Karatasi ya wakala ilikuwa inauza mlango ambao ufunguo wake ulishageuzwa.

Usidhani ni Uingereza tu. Miaka ya 2000 Australia ilikuwa na orodha ya kazi zilizompa mwombaji alama za ziada. Mpishi alikuwamo, msusi naye alikuwamo. Wanafunzi wa kigeni, wengi wao kutoka India, wakajaa kwenye vyuo vya upishi na ususi, na vyuo vingine vilianzishwa kwa ajili yao tu. Februari 2010 serikali ikatangaza kuifuta orodha ile, na mpya iliyoanza Julai 2010 haikuwa na mpishi wala msusi. Wengi walioshika mwiko na mkasi kwa ajili ya makaratasi wakabaki na mwiko na mkasi.

Kanada nako vilevile. Mfumo wao wa Express Entry ulianza Januari 2015, unampanga kila mtu kwa alama. Mwaka 2023 wakaanza kuchagua watu kwa makundi: afya, sayansi na teknolojia, ufundi, usafirishaji, kilimo, na wanaojua Kifaransa. Madereva wa malori wakafurahi. Mwaka 2025 kundi la usafirishaji likaondolewa, la elimu likaingizwa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, hata zile alama za ziada za kuwa na ofa ya kazi zikafutwa.

Jioni tulitembea na binamu yangu mpaka Caravan Serai. Sisi watu wa pwani tumezoea kupita pale bila kuangalia. Karne ya 19 misafara kutoka bara iliishia hapa, na waliobeba pembe za ndovu mabegani walikuwa wapagazi, wengi wao vijana wa Kinyamwezi waliokuja kwa ujira. Kwao kufika pwani lilikuwa jambo la sifa. Ukitaka kusema, hao ndio wabeba boksi wetu wa kwanza. Kazi ilikuwepo, soko lilikuwepo, kijana mwenye nguvu aliweza kuingia bila cheti. Kisha Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, wakajenga reli ya kati, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi ukafa. Mpagazi hakuwa amekosea chochote. Aliyekuwa anahitaji mabega yake alipata njia rahisi zaidi, basi.

Ndiyo maana nasema orodha ya kazi zenye uhaba si ahadi. Ni tangazo la mahitaji ya mtu mwingine, kwa mwaka huu, kwa siasa za mwaka huu. Ukiipangia miaka mitatu ya shule unacheza kamari, na tena unaicheza kwa kiwanja cha mama.

Je, mtu aache? Hapana. Nilimwambia binamu yangu ajiulize swali moja kabla ya yote: mlango ukifungwa nikiwa darasani, nitabaki na nini mkononi hapa Bagamoyo?

Tukaanza kuzipima kazi moja moja. Cheti cha kulea wazee kikashindwa palepale. Wazee wetu wanalelewa na mabinti na wakwe, nani atakulipa? Uuguzi ukapita vizuri. Muuguzi ana kazi hapa, japo ajira za serikali zinasubiriwa kwa foleni ndefu, na dunia nzima inamhitaji. Ujerumani inamtaka ajifunze Kijerumani mpaka kiwango cha B1 au B2, na fundi au mtaalamu aliyetambuliwa kule anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Upande mwingine, Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo nchi nyingine zinaombwa zisije kuwachukua kwa kampeni. Anayekwenda mwenyewe hazuiwi, ila suala la nani atabaki wodini hospitali ya wilaya halijaisha. Hata hivyo hapo hatukukaa sana, kwa sababu binamu yangu hana ufaulu wa kemia wala baiolojia.

Alichokiona ni kitu ambacho mimi nisingekiona. "Dada," akasema, "pale sokoni kila mtu analia na friji." Akaanza kuhesabu: majokofu ya wauza samaki, mashine za barafu, viyoyozi vya hoteli zote za ufukweni, nyumba mpya kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Zinga. Ufundi wa majokofu na viyoyozi unafundishwa VETA. Tulipoangalia, kazi hiyohiyo ilikuwamo kwenye kundi la ufundi la Kanada la mwaka 2023. Tena programu yao ya mafundi inataka mtu awe na miaka 2 ya uzoefu ndani ya miaka 5, pamoja na ofa ya kazi au cheti cha jimbo. Maana yake hata safari ya Kanada inaanzia kwenye friji la jirani. Akifika huko sawa, asipofika hajapoteza siku.

Shangazi hakufurahi hata kidogo. "Shahada nimeilipa kwa samaki, leo unakwenda kushika mabomba ya friji? Nitawaambia nini watu?"

Binamu yangu akamjibu taratibu: "Mama, friji lako likifa unamwita fundi kutoka Dar, unamlipa na nauli juu. Watu hao walishakuuliza nini kuhusu ugavi wangu?"

Shangazi alinyamaza. Usiku ule hakuongea na mimi vizuri, nadhani alihisi nimemvunjia mwanawe ndoto. Lakini mnunuzi alipopiga simu kesho yake, aliambiwa kiwanja hakiuzwi kwa sasa.

Mambo mawili kwa wanaopiga hesabu kama yeye. Kwanza, lugha na umri vina uzito kuliko mnavyodhani. Kanada umri unalipa alama zote ukiwa na miaka 20 hadi 29, kisha zinapungua kila mwaka mpaka zinaisha ukifika 45. Na mwaka 2024 baadhi ya raundi za wanaojua Kifaransa zilishuka chini ya alama 400, wakati zile za jumla zilikuwa juu ya 500. Jirani zetu wa Bujumbura na Bukavu wana hazina ambayo sisi tuliikimbia shuleni. Pili, ukaazi wa kudumu si uraia. Ukiwa mkaazi unabaki na pasipoti yako ya Tanzania. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine ndipo sheria yetu inamvua wa hapa.

Na mimi je? Nina miaka 29, kazi yangu ni kuandika Kiswahili. Uandishi wa habari haumo kwenye makundi yote yale niliyoyataja, na Kiswahili hakina alama. Alama zangu nimezijumlisha, nimeziona, na mwakani zitapungua. Kuna usiku nafikiria kuchukua fomu kama binamu yangu. Halafu kunakucha, kuna habari ya kuandika.

Yeye ameshaanza masomo. Ada yake ni ile ambayo samaki wanaweza kuilipa. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kompresa aliyoifungua mwenyewe, mikono imejaa mafuta, na chini ameandika "Bado sijairudisha." Nyie mlioko ughaibuni ambao mlibadilisha fani kwa ajili ya makaratasi, ningependa kujua: mlipoyapata, kazi ile mliendelea nayo?